Mchanga Uliomponza Mama Thobias

GEITA, 1954. Jua halijapata joto. Klara, ambaye kwenye kambi ya mgodi wa dhahabu wanamwita Mama Thobias, ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake, kopo la samli mapajani. Analigonga taratibu kama anayemwamsha mgonjwa, halafu analigeuza. Mche wa ndimu unatoka na udongo wake wote.

Anaunusa.

"Umeoza na huu," anasema. "Mzizi wenye afya ni mweupe, ukiuvuta haukatiki. Huu ukiushika tu ganda linabanduka, unabaki uzi."

Kazi ya Klara ni kuotesha miche kwenye makopo: ndimu, michungwa, na maua ya wake za makarani wa mgodi. Aliianza mumewe alipofariki. Yeye ni Mzinza wa Nkome, huku hana ndugu wa kumgawia hata tuta. Kopo moja anauza senti hamsini, na hiyo ndiyo chumvi yake na unga wake.

Anatoboa kitako cha kopo kwa msumari, anatandika vigae, kisha anajaza udongo wa kichuguu, samadi iliyokaa mwaka, na mchanga. Maji hamwagi kwa mazoea. Anachomeka kidole kwanza.

"Watu wanaua mche kwa huruma," anasema. "Kila akipita anaumwagia. Mizizi nayo inataka kupumua."

Mchanga ndio uliomponza. Siku zote aliufuata mtoni, mbali. Mwaka huu goti lilimvimba, akachota ule mweupe uliomwagwa nyuma ya kinu cha mgodi, unaobaki dhahabu ikishatolewa. Donatus, jirani anayefanya kazi kwenye kinu, alikuja kugundua makopo yote yameshajaa.

"Mama, huo una dawa ya kusafishia dhahabu. Ng'ombe akinywa maji yake harudi zizini."

"Sasa si ungeniambia?"

"Ningejua unaiba saa ngapi?"

Miche mingi ilikuwa imeshauzwa. Mmoja ulikwenda kwa Limi, jirani mwingine. Majani yakapukutika, na wiki hiyohiyo mtoto wa Limi akashikwa na surua, akafa. Kwenye nyumba nyingine nako miche ikakauka. Watu wakaanza kunong'ona: mjane, mgeni, macho mekundu, na kila anachotoa kinakufa. Macho hayo ni ya moshi wa kuni, lakini nani anauliza?

Klara alibeba unga kwenda kuhani msiba. Limi akamsimamisha mlangoni.

"Usiingie, mayu," alimwambia, kwa neno la Kisukuma la kumheshimu mama. "Mti wako ulitangulia, mwanangu akafuata. Sasa umemfuata nani?"

Akarudi na unga wake.

Ukoo wa mume wa Limi umemwita mfumu, mpiga ramli, kutoka upande wa Kahama. Anafika Jumapili. Mwaka jana alimtaja bibi mmoja, na bibi huyo hakumaliza wiki. Mapanga.

Klara angeweza kusema ukweli. Lakini mchanga ule bado una chembe za dhahabu, kuuchota ni wizi, na askari wa mgodi hawana mchezo. Donatus naye, aliyejua asiripoti, amemsihi asimtaje, ana watoto. Kaka yake Klara, Gregory, ametuma mtu kutoka Nkome: panda lori uje.

"Nikikimbia nimekubali," anasema Klara. "Na Limi atabaki akiamini mwanawe aliliwa na mtu. Mtoto aliuawa na surua. Mimi nimeua ndimu."

Miche michache iliyobaki anaiosha mizizi kwenye karai, anakata iliyooza kwa wembe, anaipanda upya kwa mchanga wa mtoni. Mzizi mpya unataka mwezi mzima, na Jumapili ni keshokutwa.

Mmoja haukuoshwa. Ameuweka pembeni, mchanga mweupe ukiwa bado umeshikana na mizizi yake myeusi. Huo atakwenda nao kwa Limi kabla mfumu hajafungua mkoba wake. Ataukung'uta mbele ya watu wote, aseme alikouchota mchanga huo, na kwamba alikuwa peke yake.

"Watanifunga," anasema, akipangusa wembe kwenye kanga. "Wanifunge. Jela watu wanarudi."