Kitabu changu cha watoto kilivyong'oa mpaka wa shamba letu kule Mlalo

Wakuu, salamu kutoka kwenye ukungu wa Lushoto. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba japo hamjaniamkia.

Ninachoandika hapa kimetokea kweli, kwetu, na mashahidi wapo. Mmoja ana mkia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na pembeni ya ualimu naandika hadithi za watoto. Najua kuna watu wameshaanza kucheka. Chekeni tu, nimezoea.

Basi nikaandika riwaya ya watoto, ndefu kabisa, inaitwa Shamba Linalopiga Chafya. Ni habari za familia moja ya milimani yenye shamba la maajabu. Mtu akisema uongo akiwa amesimama shambani, shamba linapiga chafya. Kabichi zinajifunga zikisikia bibi anakoroma. Siku ambayo familia imekula pamoja, mfereji unapandisha maji mlimani. Halafu kuna ng'ombe anayejua hesabu, anaitwa Koku.

Sharti ni moja tu. Shamba ni mwili mmoja, kwa hiyo ukilipiga mpaka katikati umelipasua tumbo, na litanyamaza. Watoto wa kwenye kitabu wanaliponya kwa kung'oa mpaka, kupaka samli kwenye kidonda na kusema, "Pole shamba, pole tumbo."

Hapo kwenye samli pashikeni, tutarudi.

Nikachapisha nakala chache Tanga mjini, nikaenda nazo nyumbani Mlalo wakati wa likizo. Nyumbani wapo Baba na Mama, kaka yangu Sefu na mdogo wangu Idi. Sefu na Idi kila mmoja ana nyumba yake na watoto wake, humo humo kwenye eneo la Baba. Jioni watoto wote wakikaa barazani kupukuchua mahindi, mimi nawasomea. Kinara wao ni Zubeda, binti wa Sefu. Nikifunga kitabu anang'aka, "Shangazi, hapo hapafungwi!"

Nikajiona mwandishi kweli kweli.

Sasa wakati mimi nasomea watoto maajabu, baba zao walikuwa hawaongei. Walikuwa wanagombea bonde. Shamba letu huku juu ni matuta makavu, miti ya mbao na mapeasi. Chini ni bonde lenye maji, karoti na kabichi zinakubali mwaka mzima. Kila mmoja anataka bonde.

Wakuu, hawa ni watu ambao utotoni walivaa sweta moja kwa zamu. Sasa mmoja akiingia, mwenzake anatoka. Mama akipika, kila mmoja anabeba chakula chake akale kwake. Mama alikuwa anafuta machozi anasingizia moshi, na jikoni kwetu tunapikia gesi.

Mwishowe Baba akachoka. Akaita wazee wa ukoo, bonde likakatwa katikati, na miche ya masale ikapandwa mstari mmoja kutoka juu mpaka mtoni. Kwetu masale yakishapandwa, mpaka ni mpaka. Kuyang'oa ni kutafuta ugomvi na ukoo mzima.

Kesho yake asubuhi yamelala chini yote.

Sefu akasema ni Idi. Idi akasema ni Sefu. Yakapandwa upya, safari hii Baba kasimamia mwenyewe na bakora mkononi. Haikupita muda, chini tena. Yakapandwa mara nyingine.

Huku Mama naye analalamika samli yake inaisha. Paka kapigwa ufagio, paka kahamia kwa jirani. Majirani wakaanza maneno, eti lile shamba limekataa, wazee wamekosea mahali. Kuna mama mmoja akawa anazunguka njia ya juu kabisa asije akakanyaga kwetu. Jamani!

Na mimi, niliyetunga mwenyewe habari ya mpaka na samli, sikuunganisha chochote. Nilikuwa nasikitika na wenzangu. Tena yule paka hata mimi nilimfokea.

Mchana mmoja niko kwenye tuta nachuma mboga, nikamwona Sefu anajificha kwenye migomba bondeni, ana rungu, anamvizia Idi. Kugeuka hivi, Idi naye yuko migomba hiyo hiyo, ana rungu lake, anamvizia Sefu. Wamepeana mgongo, hawaonani. Nikiita, mmoja atashtuka, na akishtuka tunazika mtu.

Ndipo wakatokea watoto.

Wamepanga mstari, kimya, kama wanakwenda kwenye maulidi. Mbele Zubeda, kitabu changu kichwani, kopo la samli mkononi. Kila mtoto akang'oa sale lake. Akachovya kidole, akapaka kwenye shimo.

"Pole shamba, pole tumbo."

Sefu na Idi wakainuka kwa pamoja wakagongana vichwa.

Kikao kikawa Ijumaa baada ya swala, hapo hapo bondeni. Wazee wa ukoo wamekaa kwenye nyasi, watoto wamepangwa mbele kama washtakiwa, mimi nimewekwa upande wao. Pembeni ng'ombe wetu kafungwa anakula majani. Ndiyo, anaitwa Koku. Sikujisumbua kubadilisha.

Baba alikuwa amekisoma kitabu chote. Akavaa miwani.

"Hili shamba la humu ni la wapi?"

"La kubuni, Tate." Kwetu baba ni Tate.

"Na huyu Koku?"

"Wa kubuni."

Koku akainua kichwa, kaitwa.

"Na huyu bibi anayekoroma mpaka kabichi zinajifunga?"

Mama akadakia, "Mimi nakoroma?"

Sefu akaangalia chini, Idi akaangalia mawingu. Lakini mabega yao wote wawili yalikuwa yanatikisika, na Baba aliyaona.

Akamgeukia Zubeda. "Wewe, kwa nini mmeng'oa mpaka wa wazee?"

Mtoto hakulia. Akasema, "Babu, tangu mpande masale shamba limenyamaza. Baba naye amenyamaza. Baba mdogo naye amenyamaza."

Mama akatafuta moshi wa kusingizia, hakuuona.

Baba akamuuliza Sefu, "Wewe na mdogo wako ndiyo mmeshindwana kabisa?"

Sefu ni kichwa ngumu tangu kuzaliwa. Akajibu, "Tate, mimi huyu simhitaji."

Koku akapiga chafya.

Si chafya ya mchezo. Chafya ya ng'ombe, mate mpaka kwenye kanzu ya Baba. Watoto wakamlipukia Sefu, "Shamba limepiga chafya! Baba muongo! Baba muongo!" Idi akaanguka chali kwa kicheko. Sefu alijikaza, akajikaza, akashindwa. Akampa Idi mkono kumwinua, na hakuuachia haraka.

Baba akafuta kanzu, akasema maadamu yu hai masale hayapandwi tena. Bonde na matuta watabadilishana kila msimu, na asiyetaka akahesabu magogo huko msituni Shume.

Jioni ile tulikula sinia moja, Mama anagawa nyama kwa mkono wake. Mfereji haukupandisha maji mlimani, niliangalia.

Hukumu yangu ikawa kununua samli nyingine na kumrudisha paka. Na nikichapisha tena, bibi asikorome.

Asubuhi ya kuondoka nilishuka bondeni kumuaga Baba. Nikamkuta kachuchumaa peke yake pale palipokuwa na masale. Kuniona, akasimama haraka, akasema anakagua wadudu wa karoti. Vidole vyake vilikuwa vinang'aa mafuta. Bahati yake Koku alikuwa bado zizini.

Nilichojifunza ni kwamba ukiandika habari za kwenu, badilisha hata jina la ng'ombe. Na watoto tunaowasomea hadithi, wakati huo huo wanatuangalia sisi. Mimi nilidhani wale wanasikiliza maajabu tu, kumbe walikuwa wanaumia kuliko sote.

Kama kuna mdau humu haongei na ndugu yake kwa ajili ya kipande cha ardhi, aseme, uwanja wake huu. Hatutamcheka. Tutacheka kidogo.

Nikiwa naandika hapa Mama kapiga simu, yuko zizini anakamua. Samli mpya imepungua, watoto wako shule, paka yuko mbele yake kalala. Anauliza kama namjua mwizi.

Nikamwambia, "Simjui, Mama."

Nyuma yake nikasikia Koku anapiga chafya.