Nisafishie Ile Picha

Dada yangu mtaani wanamwita Mkasi, na hajawahi kushona hata kifungo. Kazi yake ni picha. Anapiga za harusi na mahafali, kisha anajifungia na kompyuta kwenye chumba kilichokuwa jiko, anakata. Ukurasa wake wa mtandaoni unataka picha za mraba, na watu, jamani, hawasimami kimraba. Basi mjomba anakosa sikio, shangazi anabaki na nusu ya kilemba. Mteja akiipenda anaagiza, na hapo ndipo dada anarudi kwenye picha nzima na kuitoa kwenye karatasi. Mimi ni mdogo wake. Nauza fremu, nafunga mizigo na kubishana naye.

Kuna neno moja lazima nilieleze. Wazee wetu hawasemi kuchapa picha. Wanasema kusafisha, tangu enzi za filamu, picha zilipolowekwa kwenye dawa katika chumba cha giza. Vijana nao wakisema safisha, wanataka chunusi zitoke na yule mpita njia aliyejitokeza nyuma afutwe. Wateja wa dada siku hizi ni vijana watupu, kwa hiyo sikio lake limezoea usafi wa aina hiyo.

Mama mmoja, muuza vitambaa, akatuma ujumbe wa sauti. Sauti yenyewe ilikuwa imemkauka.

"Mwanangu, nisafishie ile niliyosimama na bibi harusi. Kubwa, ya ukutani. Ifanye vizuri, nakuomba."

Dada akaifungua. Bibi harusi katikati, mama ubavuni pake, na pembeni kabisa kijana mrefu, shati limechomoka, macho yanatazama kwingine.

"Huyu naye alizamia," dada akasema.

Akamkata. Akamng'arisha mama uso, akamwondolea mikunjo ya paji, akahifadhi juu ya picha ileile ya asili. Kadi ya kamera ilikuwa imeshafutwa kwa ajili ya harusi nyingine. Tusimwonee, kazi ilitoka safi, hata mimi niliisifu.

Mama alikuja kuichukua mwenyewe. Akaketi, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya khanga, akaivaa tena. Akaitazama picha kuanzia upande huu hadi ule, kisha akaigeuza nyuma, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Bibi harusi si huyu hapa, mama," dada akajibu.

"Huyo mpwa wangu. Namuulizia kijana wangu. Alisimama hapa." Akagusa ukingo wa karatasi. "Tumemzika wiki iliyopita. Picha alikuwa hazitaki kabisa, siku ile nilimburuta. Nyumbani sina nyingine yake ya ukubwani."

Dada akamgeukia. "Mama, si ulisema niisafishe?"

"Nilisema usafishe. Sikusema unifutie mtoto."

Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angetutukana. Dada alirudi kwenye kompyuta akafungua kila alichoweza kufungua, hata vilivyokuwa vimetupwa. Picha nyingine za harusi ile hazikuwa na kijana, maana alichelewa kufika na akawahi kuondoka. Kwenye ukurasa wa mtandaoni kulikuwa na ule mraba tu, na mraba ulikuwa umemwacha nje tangu mwanzo. Nilimwona dada akishika kipanya bila kukisogeza, machozi yakimdondokea kwenye vidole. Roho iliniuma kwa wote wawili.

Akaja, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, nimempoteza. Nisamehe. Nipe hiyo niichane, usiende nayo nyumbani."

Mama hakuiachia. Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye bega lake mwenyewe pale pichani. Hapo begani, upande wa bibi harusi, vilikuwa vimebaki vidole vinne vya kiume. Kijana alikuwa amempitishia mama mkono mgongoni, na kule mkato wa dada haukufika. Mimi na dada tulikuwa tumeitazama picha ile mara ngapi, na hatukuviona.

Mama akainamisha uso mpaka miwani ikakaribia kugusa karatasi.

"Kumbe alinishika," akasema. "Mimi nilidhani alikuwa amenuna."

Akaiweka picha kifuani, akaniomba nimtafutie fremu.