Sanduku Tulilolivunja Wenyewe

Iko siku moja ambayo hunirudia kila ninaposikia watu wakisema kura zimeibwa. Haikuwa siku ya uchaguzi mkubwa wa nchi. Ulikuwa uchaguzi wa kamati ya kiwanda chetu cha kahawa huku Mukurweini, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja. Nimejaribu kuiandika kwenye daftari langu mara tatu, na mara zote tatu nimerarua ukurasa kwa sababu nilijikuta najitetea. Leo nitajaribu kutojitetea. Ukiona nimeanza, mwanangu, ruka hapo uendelee mbele.

Kwanza ujue vile tulivyokuwa tukichagua. Kila mwenye namba kiwandani, yaani kila mwanachama, alisimama nyuma ya mtu anayemtaka, mchana kweupe, na mwenye mstari mrefu ndiye aliyechukua kiti. Tuliita mlolongo. Ulikuwa na uzuri wake, nisiseme uongo. Hakuna mtu angekudanganya kuhusu mstari unaouona kwa macho. Lakini na wewe ulikuwa unaonekana. Jirani anakuona, karani anayepima kahawa yako anakuona, na kama wewe ni mwanamke mwenye namba yako mwenyewe, bwana yako anakuona akiwa amesimama kwa ule mstari mwingine.

Mtu wa kwanza kukataa mlolongo alikuwa mjane mmoja tuliyemwita Mama Kamau. Hakuwa mtu wa kelele. Shida yake ilikuwa maji. Maji machafu ya kuoshea kahawa yalitoka kiwandani yakaingia moja kwa moja kwenye kijito ambacho akina mama walichota ya kupikia, na msimu wa kahawa yalinuka hata ng'ombe wakakataa kunywa. Alikwenda kwa kamati mwaka mmoja, akaenda na mwaka uliofuata. Kamati, wanaume watupu, ilimwambia itaangalia. Mwisho akaamua kugombea kiti chenyewe, cha mwenyekiti, na akaomba jambo moja tu: kura ya siri, karatasi na sanduku. Alizunguka kila kilima akikusanya sahihi na alama za vidole mpaka ofisi ya ushirika ikakubali.

"Tutaijaribu mara moja," afisa alituambia. "Ikienda vizuri, itabaki. Ikileta fujo, mtarudi kwa mlolongo wenu."

Siku yenyewe afisa alikuja na sanduku la mbao lenye kufuli, likawekwa juu ya meza karibu na mfereji wa saruji unaopitisha maji ya kuoshea kahawa. Wagombea walikuwa wawili. Mwenyekiti wa zamani alikuwa na picha ya taa, Mama Kamau picha ya jembe. Unaweka tiki kwa picha unayotaka, unakunja, unatia. Kabla ya kuanza, mzee mmoja aliyekuwa mbele akainua fimbo.

"Afisa, hebu fungua hiyo sanduku tuone ndani."

Afisa akacheka. "Ati nini, mzee? Kwani hamniamini?" Akabonyeza kufuli, tak.

Sidhani alikuwa na ubaya. Nafikiri aliona ni kama anadharauliwa mbele ya watu. Lakini kuanzia dakika hiyo minong'ono ilianza, na mmoja wa walionong'ona nilikuwa mimi. Nilikuwa upande wa Mama Kamau. Sikuwa na namba, namba zilikuwa za baba na mama, lakini nilijiona kama mlinzi wake.

Jambo lingine unapaswa kulijua kunihusu. Nilikuwa nimeishia darasa la nane, na kitu pekee nilichotoka nacho huko kilikuwa alama nzuri ya Kiswahili. Niliringa nayo sana. Watu wetu huku, unajua, ulimi wetu hauitambui vizuri ile l. Mtu akisema "jana nimerara mapema," nilimrekebisha mbele ya wageni. Nilikuwa kero, nadhani.

Kama saa saba mchana, watu wakiwa bado kwenye foleni ya kupiga kura, nilizunguka nyuma ya jiko la kiwanda kutafuta chai. Jiko lilikuwa la mbao, na ndani alikuwa mpishi, Mama Njoki, akiongea na askari wa kiwanda, Wafula. Wafula alitoka magharibi, kwa hivyo Mama Njoki alimwongelesha Kiswahili. Nilimsikia wazi kabisa.

"Wafura, beba hiyo sanduku ya kura upereke stoo. Funga na kufuri. Hawa watu wakiiona, hawatabakisha kitu."

"Yote?"

"Yote. Na usipite hapo mbere."

Nikachungulia kwa ufa. Nikaona mgongo wa Wafula akienda stoo, amebeba sanduku la mbao lililofunikwa kitambaa.

Sikuuliza kitu. Nilikimbia mpaka kwenye foleni nikapiga kelele: "Wanaficha kura kwa stoo! Iko sanduku ingine! Nimeona na macho yangu!"

Hayo maneno ya mwisho, mwanangu, nimeyafikiria sana. Kwa macho nilikuwa nimeona sanduku na mgongo wa mtu. Kura sikuziona. Lakini nikisimama pale sikujua kwamba nadanganya. Nilisema kwa uchungu wa kweli, na labda ndiyo maana waliniamini.

Nusu ya watu walikimbilia stoo. Nusu ile nyingine walikimbilia meza ili walinde sanduku lililokuwa pale. Mimi nilikuwa na wa stoo, mbele kabisa. Mlango ulipigwa teke ukaanguka. Tulipotoa kitambaa tulikuta mikate, mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu. Kilikuwa chakula cha afisa na makarani wake, kidogo, na ndiyo sababu kilifichwa.

Mama Njoki alifika akihema, mwiko mkononi.

"Mnavunja nini? Nani amewatuma? Si nirimwambia Wafura abebe sanduku ya kura!"

"Si ndiyo hiyo!" mtu akamjibu. "Umesema mwenyewe, ya kura!"

"Ya kura! Ya kura!" Akakusanya vidole akavipeleka kinywani. "Ya kura na mdomo, nyinyi watu!"

Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na Wafula, ambaye alikuwa amebanwa ukutani na wanaume wanne, akasema kwa upole, "Mimi nilielewa. Nimekaa na nyinyi miaka sita."

Wote wakaniangalia. Mimi, bingwa wa Kiswahili.

Lakini kicheko hakikukaa. Kutoka kwa meza tulisikia kelele. Wale waliokwenda kulinda sanduku walikuwa wamegawanyika, watu wa taa huku, watu wa jembe kule, kila upande ukiamini ule mwingine unataka kutoroka nalo.

"Wachia!"

"Wachia wewe, mwizi!"

Walikuwa wanalivuta kama ndama. Likawaponyoka, likagonga ukingo wa saruji, ubao wa chini ukatoka. Kufuli halikufunguka hata kidogo. Karatasi zote zikamwagika ndani ya mfereji, na maji yalikuwa yanakimbia, yamejaa maganda ya kahawa. Zilikwenda zikielea, nyeupe juu ya yale maji ya kahawia, zikaingia kijitoni.

Niliruka ndani ya mfereji. Niliokota nilizoweza, zimelowa, wino umetawanyika. Nilizoweza kusoma zilikuwa kama kumi, na karibu zote zilikuwa na tiki kwa jembe. Nimekuwa na hamu ya kuwaambia watu kwamba Mama Kamau alikuwa anashinda. Siwezi. Kumi si sanduku zima, na pengine hizo kumi zilitiwa na watu waliokuja pamoja. Hakuna mtu atakayejua kamwe, na hilo ndilo nililolifanya.

Afisa alipanda juu ya kiti. Alisema karatasi za ziada hazitoshi, na hata zingetosha, ameona fujo na macho yake. Mama Kamau aliomba watu warudi kesho yake. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Kosa si la sanduku." Lakini wanaume walishaanza kuimba, mlolongo, mlolongo, na siwezi kuwalaumu sana. Walichokuwa wameona siku hiyo kuhusu kura ya siri ni kwamba ilileta vita.

Basi mlolongo ukapangwa pale pale. Nyuma ya Mama Kamau walisimama wanawake saba, wajane karibu wote, na yule mzee wa fimbo. Mama yangu alikuwa ameshika kadi ya namba yake mkononi. Alimwangalia Mama Kamau, akamwangalia baba, ambaye tayari alikuwa kwa mstari wa mwenyekiti. Akaenda akasimama nyuma ya baba. Asubuhi, kwenye karatasi ya siri, aliweka tiki wapi? Sikumwuliza mpaka alipofariki. Najua tu kwamba alivyosimama kwa ule mstari, alikuwa anaangalia chini.

Watu walipotawanyika nilimkuta Mama Kamau kwenye bomba akiosha matope miguuni. Nilitaka kumwomba msamaha lakini nikaanza kwa kujieleza, kama kawaida yangu. Nikamwambia nilisikia kwa masikio yangu, kwamba hata yeye angesikia vile. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwana wa Nyambura," akasema, akiniita kwa jina la mama yangu, "kutoka jikoni mpaka stoo ni hatua ngapi?"

"Kama ishirini."

"Na kutoka jikoni mpaka kwa watu?"

"Mia, ama zaidi."

"Ulikimbia zote mia. Hizo ishirini zilikushinda?"

Akafunga bomba, akaongeza, "Mimi hata singekasirika kama ungekuta ni kura kweli. Ningekushukuru. Lakini ungekuwa umeangalia kwanza."

Hakugombea tena. Yale maji yaliendelea kuingia kijitoni miaka mingi, na akina mama wa upande wetu wakahamia chemchemi ya mbali, kule chini, wakipanda na mitungi mgongoni. Mama yangu akiwa mmoja wao. Kila jioni nilimwona akifika. Hakunilaumu hata siku moja, na ningependelea kama angenilaumu.

Kura ya karatasi ilirudi hatimaye, nikiwa tayari nina namba yangu na mvi kidogo. Safari hiyo afisa mwingine, msichana mdogo, alifika na sanduku linaloonekana ndani. Bila kuulizwa, alilipindua juu chini mbele yetu, akaligonga tako, akalizungusha kwa mstari mzima tulishike. Kuhesabu kulifanyika pale pale kwa sauti, kila karatasi ikiinuliwa juu. Aliyeshindwa hakufurahi, lakini alienda nyumbani akijua ameshindwa. Sikuona mtu akikimbia.

Kwa hivyo, mwanangu, wewe utakayepiga kura mara ya kwanza, na wewe uliyeandikwa kuwa wakala wa mgombea wako kituoni, nina haya ya kukuambia, na kama nimekosea mahali unirekebishe.

Sikuambii uamini kila mtu. Yule mzee wa fimbo alikuwa na haki ya kuomba sanduku lifunguliwe, na afisa alikosa kwa kumcheka. Kama angelifungua, maneno yangu yangekosa mahali pa kukaa. Kwa hivyo ukiwa wewe ndiye unasimamia, onyesha kabla hujaulizwa, na ukiulizwa usione umetukanwa. Ukiwa wakala, usiweke sahihi kwa fomu ambayo haijajazwa, hata kama ng'ombe wanangoja kukamuliwa. Ukiwa mpiga kura tu, matokeo hubandikwa mlangoni mwa kituo. Nenda ukasome. Ukiletewa video kwa simu ati kura zinachomwa mahali, uliza ni kituo gani, nani aliyepiga hiyo video, lini. Kama hujui, nyamaza kwanza, kwa sababu ukishapiga kelele huwezi kuzirudisha. Na ukikuta wizi wa kweli, usiogope. Sema ulichoona, na useme pia mahali ambapo macho yako yaliishia. Mtu anayesema hivyo ni vigumu kumpuuza.

Na ukisikia kitu chochote cha kutisha, kiwe cha upande wako ama wa adui yako, tembea hatua ishirini kwanza.

Mungu akupe miguu ya kwenda kuangalia na ulimi usiokimbia mbele yake. Akupe upige kura yako bila kumwogopa mtu aliye kando yako, na ukishindwa ushindwe kwa haki, na ukishinda usiwe na haja ya kuapa. Uzeeke kwenye ardhi yenye mvua na majirani mnaosalimiana. Iwe hivyo kwako, na kwa watoto wako.