Mlinzi wa Maombi Yetu

Kanisani tulifundishwa kumleta jirani kwa Yesu polepole: umsalimie, umkaribishe chai, umwache aone mwenyewe. Hapo kwenye polepole ndipo ninaposhindwa. Mimi ni Mkenya, nauza mapazia Ntinda, huku Uganda, na mteja akishika kitambaa mara mbili huwa nimeshakikata.

Jirani yangu wa Mbuya, ninakoishi, alikuwa sajini mstaafu kutoka kaskazini. Mkewe Mwislamu, mabinti zake Wakatoliki, yeye mwenyewe hakuwa popote. Nilimpenda kwa ukimya wake, na nilitamani sana amjue Mungu kabla uzee haujammaliza. Nikajikaza mwezi mzima nisiseme neno, kisha nikamkaribisha kwenye maombi yetu ya Jumamosi saa kumi, sebuleni kwangu, penye chai na mandazi.

"Hiyo mkutano iko na ulinzi?" aliuliza.

Nikamwambia hauna. Alinitazama kwa huruma.

Jumamosi alifika mapema, suruali imepigwa pasi, kirungu mkononi, akasimama getini. Nilimwambia aingie, akasema yuko kazini. Aliamini nimemwomba aje kulinda, maana mtaani kwetu mwanajeshi mstaafu haalikwi kwa jambo lingine. Akapekua mikoba. Akafungua Biblia moja moja na kuzikung'uta. Mchungaji alipofika na gitaa, aliamriwa alitoe kwenye mfuko na alipige, ijulikane kama ni gitaa kweli. Akapiga pambio zima pale barabarani.

Ikawa hivyo kila wiki. Waumini wawili wakahamia kikundi kingine, na mama mmoja Mganda akanilalamikia: "Nyabo, dada yangu, mimi nakuja kwa Yesu, si kwa kambi." Siku hiyo nilipandwa na hasira. Nikatoka na kikombe cha chai hadi getini.

"Afande, ndani kuna kiti chako. Kiko tupu wiki ya saba sasa."

"Kwangu nyumbani watu yote naomba," alisema, macho barabarani. "Mtu moja lazima abaki nje."

"Na kwa nini awe wewe?"

Alikunywa chai kwanza. "Kulikuwa kanisa moja, kule kwetu, wakati ya vita. Sisi ilikuwa nalinda. Jumapili tukaingia yote kuomba. Hapana mtu alibaki nje."

Sikuuliza kilichotokea. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, kwa sababu wiki saba nzima nilikuwa nikimvuta mtu huyu kwa mandazi.

"Ukipata wa kukupokea lindo, utaingia?"

Alinirudishia kikombe. "Kama ni mtu najua kazi."

Basi akanifundisha. Alinirudisha nyuma mara nne kwa sababu ya saluti, na mara moja kwa sababu ya kandambili. Hatimaye akanikabidhi kirungu, akavua kofia, akaingia.

Dakika niliyoisubiri kwa hamu kuliko zote ikanikuta nje ya nyumba yangu. Nilisikia viti vikisogezwa, kisha sauti ya mchungaji, lakini sikushika hata neno moja. Nikanyata hadi dirishani nichungulie. Mapazia yangu mwenyewe, yale mazito ya bei ya juu, yalikuwa yamefungwa barabara. Nikarudi getini kwa uchungu, nikamsimamisha muuza mayai na kumkagua trei zima.

Baada ya saa nzima alitoka. Nilikuwa na maswali yamenijaa kooni: kama alisali, kama alilia, kama mchungaji alisema lolote la kipumbavu. Yeye akaniwahi.

"Nani amepita?"

"Muuza mayai, afande. Na kuku wawili."

"Kuku ya nani?"

Sikujua. Akatikisa kichwa, akachukua kirungu chake, akaanza kuondoka. Hatua chache mbele akageuka.

"Jumamosi ingine uangalie kuku vizuri," alisema. "Mimi nitakuwa ndani."