Siku Niliyotolewa Ndani Bila Ngoma

Harufu ya liwa mpaka leo inanikosesha raha. Wengine huipenda, huwakumbusha harusi. Mimi ikinipata hata sokoni, miguu hunitekenya, nataka kuondoka. Liwa ndiyo niliyosuguliwa asubuhi na jioni mwaka niliovunja ungo, nilipowekwa ndani katika nyumba yetu ya Mtawanya, kwenye chumba kisicho na dirisha, moshi wa jikoni ukipenya juu ya ukuta na kutulia machoni. Nilikuwa darasa la saba. Mwali haonwi na mwanamume, hapandishi sauti, hapigwi na jua. Kazi yangu ilikuwa kusuka ukili wa mikeka, nikasuka mrefu hata somo wangu, Bi Hadija aliyenifunda, akaniuliza kama nataka kuutandaza mpaka Ikwiriri. Subira huvuta heri, aliniambia kila asubuhi. Mimi heri sikuiona ikivutwa kutoka popote. Nilikuwa nimefunga mafundo kwenye kipande cha mlala, fundo moja kwa kila siku iliyobaki kabla ya mtihani, na kila siku nilifungua moja kwa meno.

Nje ya ukuta ule kulikuwa na tawi la chama. Wanawake waliosoma chuo kikuu walikuwa na chama chao Dar es Salaam, na Mwalimu Rehema, aliyefundisha sekondari Kibiti, alifungua tawi lake sebuleni kwake. Wanawake wenye shahada katika wilaya yetu hawakutosha kujaza benchi, kwa hiyo tawi likawapokea pia muuguzi mmoja na bibi shamba mmoja, ambao chuo kikuu walikuwa wamekiona kwa nje tu. Waume zao waliwacheka kwamba hicho ni chama cha watu watano na kila mmoja ana cheo. Wacheke, lakini kazi ilifanyika. Kila Jumamosi walitukusanya wasichana wa darasa la saba, tukakaa sakafuni kwa Mwalimu, tukapigishwa hesabu mpaka vichwa vikauma, kisha tukapewa uji wa mchele. Kazi yao ya pili ilikuwa kukusanya kumbukumbu za wanawake waliopitia Vita vya Maji Maji, kabla wazee wale hawajatuishia, maana vitabu vya shule vilitaja wanaume peke yao. Nilihudhuria Jumamosi zangu zote hadi nilipowekwa ndani. Mwalimu Rehema alikuja mara mbili kuniombea ruhusa ya mtihani, na mara mbili alirudishwa na bibi yangu kwa adabu, akiwa amefungiwa mihogo ya kwenda nayo.

Bibi huyu, mzaa baba, ndiye aliyekuwa mkuu wa makungwi pale kijijini. Alizaliwa milimani, Umatumbi, akaletwa bondeni na njaa iliyofuata vita, na akalea wali, mabinti wa watu, kwa miaka mingi kuliko umri wa baba yangu. Kwake kanuni ilikuwa moja: miezi sita, na mwali hutolewa kwa mkono wa somo wake, ngoma ikilia, na si vinginevyo. Baba alisema mambo ya ndani ni ya wanawake. Mama hakuwa na la kusema mbele ya mkwewe. Mimi nilikuwa na miezi minne ndani, na mafundo mawili yaliyobaki.

Mara ya tatu Mwalimu Rehema hakuja kwa ajili yangu. Alikuja na redio ya kaseti, akamwomba Bibi amsimulie habari za vita. Ilikuwa alasiri. Walikaa ukumbini, nami nikabandika sikio kwenye udongo wa ukuta, kwa hasira zaidi ya udadisi, kwa kuwa sasa hata mwalimu wangu alikuwa ameniacha akafuata ya kale.

"Mie nilikuwa mwali," Bibi alianza. "Vita vilinikuta ndani."

Akasimulia jinsi watu wa milimani walivyokunywa dawa ya maji na kung'oa pamba ya Wadachi, na jinsi askari walivyokuja baadaye wakichoma nyumba na maghala. Siku walipofika kwao, watu walikimbilia msituni, na somo wake akakimbia pamoja nao. Mama yake Bibi akarudi kumchukua mwanawe.

"Mamangu kasimama mlangoni, ananambia toka. Nikamwambia, somo wangu kanambia nisitoke mpaka anishike mkono yeye. Akanivuta. Nikashika mwimo wa mlango. Nilikuwa na nguvu mie, nimelishwa miezi mitano. Askari wakatukuta tunavutana."

Nilisikia kaseti ikizunguka. Mwalimu Rehema aliuliza kwa sauti ya chini, "Na mama, Bibi?"

"Walimpiga risasi pale pale mlangoni. Nikatoka kwa kumruka."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini Bibi alikuwa ameficha hilo maisha yake yote na alizaa watoto saba. Hata baba hakupata kulisikia. Mwalimu Rehema hakutaja mtihani siku ile. Alishukuru, akafunga mashine yake, akaenda zake. Sijui kama Bibi alijua kuwa nasikiliza. Nadhani alijua, kwani chumba kile ni yeye aliyewaweka wali ndani yake, na alijua ukuta wake ulivyo mwembamba.

Haukupita muda mlango ukafunguliwa. Bibi alisimama pale, mwanga nyuma yake, akasema, "Inuka." Miezi minne nilikuwa nimeungojea mlango ule. Naona aibu kuandika nilichojibu.

"Bi Hadija hajaja, Bibi."

Alinitazama, na sijapata kuona tena uso wa namna ile. "Nipe mkono," alisema. "Usinifanye nikuvute."

Nikampa. Nilitoka bila ngoma wala khanga mpya, liwa ikinikauka shavuni, jua likanipiga hadi nikatokwa na machozi. Keshokutwa yake nilifanya mtihani, nikafaulu, nikapelekwa shule ya bweni. Niliporudi likizo ndipo nilipojua yaliyotokea nyuma yangu. Makungwi walikuwa wamemwondoa Bibi katika ukuu wao. Hakuitwa tena kwenye ngoma hata moja. Bi Hadija alipita mlangoni petu bila kubisha hodi. Nililia, nikamsihi Bibi akawaombe radhi makungwi wenzake. "Maji yakimwagika hayazoleki," alinijibu, akaendelea kutwanga. Aliishi miaka mitatu zaidi, na ngoma zilipolia vijiji vya jirani aliketi uani akisikiliza, mikono yake imetulia mapajani.

Siku hizi tawi lina ofisi yake na wanachama wanaojaza ukumbi. Wali wa Mtawanya huwekwa ndani wakati wa likizo tu, wengine na simu mkononi, na makungwi hukaa kikao kimoja na walimu kupanga tarehe. Mimi ndiye katibu. Mwaka juzi tulipoadhimisha kuanzishwa kwa tawi nilipewa historia yetu niisome mbele ya wageni. Imeandikwa kwamba mimi ni msichana wa kwanza kutolewa ndani na tawi hili. Bibi yumo katika ukurasa mwingine, miongoni mwa wazee waliohojiwa, bila jina. Nilijua sentensi ile si kweli, kwa kuwa niliiandika mwenyewe, ilipendeza kwa wafadhili. Niliisoma kama ilivyo, watu wakapiga makofi, na tangu siku ile sijatulia. Mwalimu Rehema alileta masikio ya kusikiliza, na kwa hilo namshukuru mpaka nife. Lakini aliyenitoa ndani ni Mwanahawa binti Saidi, kungwi mkuu wa Mtawanya, na alipoufungua mlango ule alijua atakachopoteza.