Mtani Wangu na Fimbo ya Ng'ombe

Niliporudi Lionja kutoka hospitalini Nachingwea, mapafu yangu yalikuwa yamefundishwa adabu. Moshi wa kuni na vumbi la salfa tunayopulizia mikorosho viliyaharibu, na kupona hayaponi. Lakini majuma ya mazoezi yalinirudisha kwenye kutembea. Muuguzi aliyenifundisha aliniaga kwa onyo: "Bibi, ukikaa tu, utarudi kulekule. Tembea kila siku." Nami nilitaka jambo moja: msimu wa korosho unikute shambani kwangu, kwenye njia ya Ruangwa, nikiokota kwa mikono yangu.

Kumbe adui yangu alikuwa huruma. Nikishika ndoo, jirani ananipokonya. Nikisimama njiani kuvuta pumzi, naletewa kigoda, na mtu keshaanza kuniombea dua. Vijana wa bodaboda walinipakia bure, nitake nisitake. Kwetu mgonjwa haachwi ahangaike, na ningekataa ningeitwa mwenye kiburi. Haukupita muda, hata kwenda chooni nikawa nahema. Niliogopa sana.

Muuguzi alipopiga simu kunijulia hali, kama alivyoahidi, nilimmwagia yote. Akacheka. "Hakuna hata mmoja hapo asiyekuonea huruma?"

Alikuwapo. Mtani wangu, mwanamke wa rika langu, ambaye kwa mila zetu ana ruhusa ya kunikejeli mpaka siku ya mazishi yangu. Muuguzi akaomba aongee naye.

Kesho yake alfajiri alisimama mlangoni na fimbo ya kuswagia ng'ombe, aliyoiomba kwa wafugaji. "Toka nje, maiti wee! Kanga zako nishazigawa, moja nimejiwekea, nnakusubiri wewe tu." Majirani walipomkemea akawageukia: "Huyu wangu. Nyie mna utani naye?" Wakatupisha, maana mtani hazuiwi. Nilitembea nikipuliza pumzi polepole, kama mtu anayepoza uji, naye nyuma ananisimanga. Nilipochoka alisimama, akajifanya anafunga kanga yake upya mpaka pumzi yangu itulie. Anadhani sikumwona.

Tukaendelea hivyo, siku baada ya siku, kila mara mbele kidogo. Muuguzi hakuacha kupiga simu, na alimwuliza mtani kwanza, kwa kuwa mimi hupenda kujisifu. Nawashukuru wote wawili kuliko ninavyoweza kusema.

Msimu ulipoingia, tulifika shambani kwa miguu. Niliinama, nikaokota korosho, nikaikonyoa kwenye bibo lake. Mtani alikuwa ameketi chini, anahema kunishinda mimi. Nikavua kanga yangu ya juu, ile aliyokuwa akisema ataichukua nikifa, nikamwekea mapajani.

"Ichukue ningali hai, nikikuona," nikamwambia.

Mtani akaikunjua. Akajifuta macho kwa kanga ileile, akainuka, akaishika fimbo yake.

"Usidhani ndiyo tumemalizana," akasema. "Kesho nnakuja tena."