Kichuma cha Mwalimu

Mwalimu wetu wa kwaya pale Changamwe alikuwa na kichuma chenye ncha mbili, cha kupimia sauti. Alikigonga gotini, akakitia sikioni, akafumba macho kama mtu aonjaye mchuzi, kisha akatupa sauti ya kuanzia. Sisi wasichana tuliapa kwamba kichuma kile hakisemi lolote, mzee anaturingia tu.

Alikuwa na sheria moja: wimbo ukishaanza haukatizwi. Muanze vizuri, muanze vibaya, mtaufikisha mwisho.

Sheria hiyo niliionja Pasaka moja, miaka ile ya vita. Nilimbembeleza aniachie nianzishe mimi, na kwa kiherehere changu nikaanza juu mno. Kufika ubeti wa pili, makuli wa bandarini walioimba besi walikuwa wakilia kama vifaranga. Hakuna aliyenyamaza. Tulipotoka kanisani, mwalimu akifuta machozi ya kicheko, aliniambia, "Wewe mwanangu, utaanzisha tena siku mimi sipo." Nilinuna mwezi mzima. Nilimpenda sana mtu yule, na neno lake lilinichoma.

Vita vikaisha, na muda si muda homa ikamchukua kwa siku tatu tu. Watu walikuja mazikoni kwa miguu hata kutoka Miritini. Kwaya tulijipanga kando ya kaburi, tukabaki kutazamana, maana, ukiacha ile Pasaka, hatukuwahi kuimba bila yeye kutuanzisha. Ndipo mkewe akanijia, akanitia kile kichuma mkononi.

"Anzisha, mwanangu."

"Abee, mama? Mimi? Nitaharibu!"

"Wewe. Anzisha."

Nilitaka jambo moja tu, nimwimbie mwalimu wangu bila kosa, walau mara hii ya mwisho. Nikajigonga goti, likauma kweli. Nikatia kichuma sikioni, lakini kwa vilio vya akina mama sikusikia kitu. Basi nikaanza hivyo hivyo.

Nilianza juu kuliko hata ile Pasaka.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini sheria ni sheria, kwaya ikanifuata. Makuli wetu walipanda mishipa ya shingo ikiwatoka. Mmoja sauti ilimkauka kabisa, akawa anafungua mdomo tu, kwa heshima. Katekista alijificha uso kwa kitabu chake cha nyimbo, mabega yakimtikisika. Ubeti wa tatu mjane mwenyewe akaangua kicheko, na sote tukacheka huku tunaimba, huku tunalia, mpaka tukaufikisha mwisho.

Nikamrudishia kichuma, macho chini kwa aibu. Hakukipokea.

"Kaa nacho," alisema. "Siku moja kabla ya kufa aliniagiza. Alisema, 'Aanzishe yule wa Pasaka. Sitaki kuzikwa na watu walionuna.'"